Gari Yenye Kulala Chini

Jirani yangu wa Butembo ana gari ya Kijapani ya mbio, ile ya milango mine. Wenzake wanasifu ya milango mbili. Yeye anabajibu: « Hiyo ni ya mutu mwenye hana bashemeji. » Lakini alikata ressorts zote, zile springi za chini, ili ikae ya michezo, na sasa inalamba vumbi.

Juzi alitupeleka Beni, mimi mbele, mama mkwe wake na dada ya mke wake nyuma. Kwenye barrière, kizuizi cha barabara, askari wa barabarani akainama, akachungulia chini ya gari.

« Papa, umebeba surcharge, muzigo umepita kipimo. Fungua malle ya nyuma. »

Ndani ya malle mlikuwa na kikapu kimoja cha maparachichi. Askari akakanyaga pare-choc, bampa ya nyuma, kwa buti lake, gari haikutikisika.

« Nani alikufanyia hivi? » akauliza kwa huruma.

« Miye mwenyewe! » Jirani akapiga kifua.

« Pole sana, papa. Pita. »

Mbele kidogo kulikuwa na kituta cha barabarani, dos d'âne. Injini ile ingetufikisha Kasindi kule mpakani kwa pumzi moja, lakini tumbo la gari likakwama.

« Bamama, pardon, mushuke kidogo. »

Tukashuka, tukavuka kwa miguu, tukapanda tena. Ikawa vile kwa kila kituta mpaka Beni. Tulipofika, mama mkwe akakunguta kitenge chake, akamushika jirani mkono:

« Mukwe wangu, milango mine ulichagua muzuri. Na mbili, tungekuwa bado tunashuka kwa dos d'âne ya kwanza. »