Wale wa Papa

Binti yangu wa mwisho aliponiambia kwamba ataimba peke yake mbele ya watu, nilimjibu kwa swali baya. Nilimuuliza, "Na wakikukataa?"

Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Hakuinua uso. "Njo kile ninataka kujua, Papa."

Tangu utoto alikuwa katika korale ya parokia. Mimi nilidhani hiyo inamtosha. Yeye alisema, "Kule tuko sauti nyingi, sijui kama wanapenda yangu ao ya wote. Na ninyi wa hapa nyumbani munanisifu hata nikikohoa."

Karibu na bandari kuna nganda, baa ndogo tu, na mwenye nganda hiyo alikuwa ameanzisha jioni ya waimbaji wa peke yao. Kila mmoja anakuja na chombo chake, anapewa nyimbo tatu, basi. Alimwambia binti yangu kwamba akiweza kuwashika watu, atampa nafasi kila Jumamosi. Binti yangu naye alinipa sharti lake: nije, nikae nyuma, nisiinuke kumbandikia noti.

Kwetu msikilizaji akiguswa na wimbo huinuka, hucheza kidogo mbele ya mwimbaji, kisha humbandikia noti kwenye paji la uso, nayo hushikwa na jasho. Mwimbaji asiyebandikiwa hata moja, watu wote wameona.

"Hata moja, Papa. Nataka watu wasionijua."

Nilimwahidi.

Tangu ziwa lilipopanda, nganda ile imepoteza baraza yake ya nyuma. Meza zimebanana upande wa barabara, na mtu aliyekaa nyuma kama mimi anasikia maji yakigonga ukuta. Niliagiza fanta, sikuinywa. Binti yangu alikaa kando ya jukwaa, gitaa mapajani, akikausha viganja kwenye kitenge chake. Kila alipovikausha, nami nilijikuta navikausha vyangu.

Mwenye nganda alishika mikro. "Leo hakuna orkestra! Hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake! Mwenye kuanguka ataanguka peke yake!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Wa kwanza alikuwa mtu wa Ankoro mwenye likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba. Hakuwa amemaliza wimbo wa kwanza, wamama wawili wakawa mbele yake wanacheza, noti zikajaa usoni mwake hata jicho moja likafunikwa. Wa pili alikuwa mwalimu mwenye gitaa. Sauti yake ilikuwa nzuri, nzuri kabisa, na ndiyo iliyonitia hofu, kwa maana watu waliendelea kuagiza mishikaki na kubishana juu ya mpira kana kwamba hayupo. Aliimba tatu zote. Hakuinuka mtu. Alisema merci, akafunga gitaa lake ndani ya blanketi, akapita karibu na kiti changu. Paji lake la uso lilikuwa linang'aa jasho, tupu.

Baada yake alikuwa amebaki mwimbaji mmoja kabla ya binti yangu. Sikuweza kukaa.

Nilitoka nje. Kwenye kona walisimama waendesha moto watatu wa avenue yetu, juu ya pikipiki zao, wakingoja abiria. Nilifanya kazi relini maisha yangu yote, nimezoea kufikiri kwamba kila kitu kinaweza kupangwa kisigongane. Nikawapa noti kila mmoja, na nikawapanga. Mmoja aende wimbo wa kwanza, karibu na mwisho. Mwingine wa pili. Mwingine wa tatu.

"Musiende pamoja," nilisema. "Na musinitazame."

"Papa, tulia," alisema mkubwa wao. "Tutamubandika mpaka mutu aseme huyu njo bibi arusi."

"Sitaki arusi. Nataka ionekane ya kweli."

"Itakuwa ya kweli. Tutacheza."

Niliporudi kitini nilijiambia kwamba sijavunja ahadi. Mimi sitainuka. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba najidanganya.

Binti yangu alianza kwa wimbo alioutunga mwenyewe, wa fundi anayeshona sare ya mtoto na kuacha pindo refu ili mwaka ujao lishushwe. Sauti ilitoka ndogo. Watu wa mpira walikuwa bado wanabishana. Kisha meza moja ilinyamaza, na ya pili yake, nami nilikuwa naanza kupumua, ndipo yule mkubwa wa waendesha moto, aliyekuwa ameingia na kukaa karibu na mlango, alipoinuka. Hatukuwa hata tumefika kwenye kiitikio. Wenzake walipomwona, wakafikiri ndiyo saa, wakainuka pia. Walicheza wote watatu, kwa bidii, mmoja akiwa bado na kofia ya moto kichwani. Walibandika noti zao moja juu ya nyingine. Halafu mkubwa akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka nyuma kabisa, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita abiria:

"Papa, njo vile ulisema?"

Nganda nzima iligeuka kunitazama. Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia hata siku ya ulevi.

Binti yangu alinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Alibandua noti kwenye paji lake, akaziweka juu ya kiti. Alivuta mikro karibu.

"Tuanze tena," alisema. "Wale wa Papa wakae."

Walicheka tena, lakini sasa walicheka naye. Aliimba ule wimbo toka mwanzo, na wa pili. Watu walinyamaza. Hakuinuka mtu. Na mimi sikuweza kujua kama wamekaa kwa sababu wanasikiliza, ama hawapendi, ama kila mmoja anaogopa kwamba akisimama ataitwa wa Papa. Mwishoni kabisa mwa wimbo wa tatu aliinuka mama mmoja wa kitenge cha kijani, ambaye alikuwa amekaa na mizigo yake kama msafiri. Hakucheza. Alimpa noti mkononi, akamnong'oneza kitu sikioni, akarudi kwenye mizigo.

Binti yangu hakumtazama yule mama. Alinitazama mimi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipopita soko ndipo alipofungua kinywa.

"Yule mama wa kijani, ulimutoa wapi?"

"Simujui."

"Papa."

"Nakuapia, simujui."

"Na wale wa moto ungeapa pia, kama hawangekuita."

Alitembea kidogo, akasema, "Aliniambia sauti yangu imemukumbusha dada yake. Sasa niambie: maneno hayo ni yake, ao ni wewe ulimufundisha?"

Asubuhi nilikwenda bandarini. Nilizunguka kati ya magunia na abiria wa boti ya Moba nikitafuta kitenge cha kijani, na nilijua nitakachomwambia: Mama, njoo nyumbani dakika moja tu, umwambie mtoto wangu kwamba hunijui. Boti iliondoka sijamwona. Niliporudi, binti yangu alikuwa tayari kwenye cherehani, akaelewa nimetoka wapi.

"Hata ungemuleta," alisema, "ningeaminije?"

Alishona mstari mzima kabla ya kuendelea. "Mwenye nganda amesema nirudi Jumamosi, ajue kama watu wananikubali ao walikuja kumucheka Papa wangu. Nitarudi. Wewe utabaki hapa."

Jumamosi ile nilibaki. Nilizima redio, nikaiwasha, nikaizima. Alipoingia nilimuuliza kama amekula. Alisema amekula, akaenda kulala.

Anakwenda kila Jumamosi sasa. Jinsi watu wanavyompokea, hajaniambia, nami sikumuuliza. Wakati mwingine jirani ananisimamisha njiani: "Papa, jana mutoto wako kule nganda..." Ninainua mkono.

"Usiniambie," ninasema. "Akitaka nijue, atanieleza mwenyewe."