Unga Uliomwondoa Mwalimu Yohana

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili kule Chiwata, bendera ya Mwingereza ingali ikipepea bomani, wazazi wetu walimpima mwalimu kwa unga wa mtama. Zamani nilipoyakumbuka haya nililia. Siku hizi sisikii kitu.

Mwalimu Yohana alikuwa ametoka Newala. Hakushika fimbo. Hesabu alitufundishia nje, kwa korosho, huku tukiimba. Mimi niliyekuwa nikijikojolea kwa kumwogopa mwalimu aliyemtangulia, nilimpenda mno. Wazazi waliguna. Walisema tunachezeshwa tu, na mtoto asiyechapwa hafunzwi. Mama Hamisi, jirani yetu, alikuwa na neno lake. Mumewe yuko kwenye mashamba ya mkonge, barua yake imefika, na Hamisi, mwaka wa pili huu shuleni, hawezi kumsomea hata mstari mmoja. Ikabidi asomewe na baba yangu, na siri za ndoa yake zikasikiwa na mwanamume mwingine.

Walifanya mkutano, wakabishana wasifike popote. Kwetu, jambo likishindikana lilipelekwa kwenye mti wa msolo, mahali pa kuwauliza wazee wetu waliokwisha kufa. Bibi yangu ndiye aliyemwaga unga shinani, taratibu, hadi ukasimama kama kichuguu kidogo, akaufunika kwa chungu. Asubuhi ukikutwa umesimama, mwalimu abaki. Ukiwa umeporomoka, aende. Baba yangu, msomaji wa kanisani, hakuhudhuria. Hakukataza pia.

Bibi alinionya nisiukaribie mti ule. Lakini alfajiri, nikienda kisimani, miguu ilinipeleka huko. Nilitaka tu kujua kama mwalimu wangu atabaki. Nikainua chungu. Unga ulikuwa umesimama vizuri kabisa. Nilipokuwa nakirudisha, ukingo ukaugusa, ukamwagika upande mmoja. Nikafunika, nikaenda kuteka maji.

Watu walipokusanyika Bibi alifunua, akautazama unga, kisha akanitazama mimi.

"Wamekataa," akasema.

Wazazi wakaenda kwa msimamizi wa shule. Sidhani kama walimtajia unga. Wiki ile ile Mwalimu Yohana akafunga mzigo wake kwenye baiskeli. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nisiache kuhesabu. 

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa mwalimu, nilimwungamia Bibi. Hakushtuka.

"Mikono yako ilikuwa na masizi ya chungu, mjukuu wangu. Nilijua. Ungesimama ule, wangeniambia nimwage mwingine."

Nilidhani maneno yale yangenitua mzigo. Hayakunitua.

Watu huniuliza kama wazazi wana ujuzi wa kumhukumu mwalimu. Wanatarajia niseme hapana, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Namkumbuka Mama Hamisi, ambaye hakujua a wala be. Katika mkutano wote ule yeye pekee ndiye aliyeuliza kama mtoto anajua kusoma. Hata mimi niliyempenda mwalimu sikuwahi kujiuliza hivyo. Baada ya unga kumwagika, hakuna aliyelikumbuka swali lake.

Mwalimu mpya alikuja na fimbo, wazazi wakaridhika. Mama Hamisi aliendelea kuleta barua zake kwa baba yangu.