Unga Ruksa, Ugali Marufuku

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisini Mbinga nimevaa sweta mbili, kwa kuwa mama aliamini baridi ya mjini si sawa na ya kwetu Mbuji. Msinicheke. Mimi ni mtu wa nyumbani; hata kwenda kwa jirani naaga. Lakini ghala la ushirika nilikokuwa karani lilikuwa limefungwa. Soko huria lilileta wanunuzi binafsi wa kahawa, nasi makarani tukaambiwa tukalime. Kando ya ziwa wadudu walikuwa wameumaliza muhogo, watu wana njaa, na mradi wa chakula ulitafuta vijana wenye kidato cha nne na miguu ya kutembea. Miguu nilikuwa nayo.

Bosi wetu tulimwita Mratibu, mtu nadhifu wa kutoka mkoa mwingine. Alitueleza kazi vizuri, sina ubishi. Mwenye njaa aliyeandikishwa aliitwa mnufaika. Alipewa vocha, karatasi yenye muhuri, akaipeleka kwenye duka teule, yaani duka la mtu binafsi lililoandikiana mkataba na mradi. Mwenye duka alitoa chakula, kisha akaileta vocha ofisini alipwe. Huko ndiko kukomboa vocha. Mimi mkaguzi nilitakiwa kuhakikisha vocha imenunua kinachoruhusiwa.

"Unga, mahindi, maharage, mafuta ya kula, chumvi," alisema Mratibu. "Sabuni hapana. Mafuta ya taa hapana. Pombe na sigara msiniulize. Na chakula kilichopikwa, hapana."

"Mzee, kilichopikwa kina kosa gani?" nikauliza.

"Kikishapikwa ni biashara. Na chakula cha msaada hakibadilishwi na kitu chochote. Anayebadilisha, mfute kwenye orodha."

Nikapangiwa Lundo, huko chini kando ya ziwa, kwenye joto. Zile sweta nilizigeuza mto wa kulalia.

Lundo nilimkuta Bibi Koleta, mjane aliyeishi peke yake. Mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba sufuria ya maji ya moto ilikwisha kummwagikia mapajani. Vocha yake ilimpa unga, naye alikuwa haupiki. Aliubeba hadi kwa Mama Sikitu, mama ntilie wa pale sokoni, akamwachia wote. Mama Sikitu alimpikia kila siku ugali na usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kwa kuni na kitoweo alijikatia sehemu ya unga akauza ugali kwa wateja wengine. Nami nilikuwa mmoja wa wateja hao, maana kupika sijui hadi leo, mke wangu ni shahidi.

Nilijua sheria. Pia nilikulia kwenye sengu, desturi yetu Wamatengo ya ukoo kula pamoja kwa mzee wao, ambako hakuna kizee anayeachiwa unga mbichi mkononi akaambiwa shauri yako. Nikanyamaza na kula.

Mwenye duka teule hakunyamaza. Zamani Mama Sikitu alinunua unga dukani kwake, sasa hanunui tena. Akapeleka maneno Mbinga, na Mratibu akashuka na gari. Alitukuta sokoni saa ya chakula, mimi na Bibi Koleta kwenye benchi moja.

"Ndiye huyu anayeuza msaada?" akaniuliza.

"Hauzi, mzee. Anakula."

"Nilikwambia nini kuhusu kupikwa? Mfute."

Nikamwambia sitamfuta. "Mzee, wewe umekuja na posho ya safari. Umenunua unga ukapike?"

Mama Sikitu akageuza uso kwenye moshi. Mratibu akaniambia kazi zipo nyingi, na watu wa kuzitaka ni wengi zaidi.

"Basi mfute mwenyewe," nikasema. "Yupo hapa, mwambie."

Akamgeukia. Kwa umri ule huwezi kumfuta mtu kabla ya kumsalimia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mbona unazungumzia chakula umesimama? Mama Sikitu, mletee mwenzetu maji anawe."

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba wapi na njia ile? Au ugali wa maskini una mdudu?"

Soko zima lilikuwa likitutazama. Mgeni aliyeitwa kula pwani ile akikataa mara ya pili, amemtukana mwenye sahani. Mratibu akanawa. Alimega kwanza kwa ncha za vidole, halafu njaa ikashinda adabu, akala mpaka bibi akaagiza usipa mwingine. Alipomaliza hakutaja kufuta. Alisema tu, "Ahsante, bibi," akaenda kwenye gari.

Mimi aliniadhibu. Alinihamishia ghala la mradi huko Matiri, kwenye baridi yangu, karibu na nyumbani. Nilijitahidi kuonekana mwenye huzuni. Bibi Koleta aliendelea kula kwa Mama Sikitu mpaka muhogo mpya ulipokomaa.

Sasa nimestaafu, kahawa yangu inanitosha. Vijana wa miradi hupita hapa na vyeti vyao, wakinieleza kwamba maskini akiachiwa uamuzi atakosea. Nawaambia kukosea ni haki yake pia, kwani mimi nimeoa bila kukaguliwa. Wengine hucheka, wengine hukasirika. Wote nawaandalia ugali, na hakuna aliyewahi kuniomba unga.