Makarai Matatu ya Kung'arisha Taa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika yadi ya Kawangware 56, nilifika kabla hawajafungua, nikauzunguka ua wa mabati mara tatu kwa sababu sijui kusimama mahali pamoja. Ndivyo nilivyo tangu utotoni. Kwetu Magharibi mama yangu alizoea kuniuliza, "Robai, nani anakufukuza?"

Kabla ya hapo nilikuwa nikifua nguo za watu. Wanawake wengi tulioishi Soweto West, kule Kibera, tulitoka asubuhi tukaenda kuketi nje ya mageti ya wenye uwezo, tukingoja mtu achungulie na kusema, "Wewe, kuja." Kufua hakukunishinda. Kungoja ndiko kulikoniua. Siku moja niliketi hadi jua likawa utosini, nikainuka na kushika njia bila kujua niendako, nikajikuta Kawangware mbele ya mafundi wa bodi, wale wanaonyoosha mabati ya magari na kuyapaka rangi. Nikauliza kama kuna kazi. Msimamizi wao aliniangalia mikono kabla ya uso.

"Unajua kusugua?"

"Hiyo ndiyo kazi nimefanya maisha yangu yote."

"Basi kuja kesho. Wiki mbili za kujaribu. Ukiniharibia kitu, unarudi kwa geti."

Huyo tulimwita Nyapara, mbele yake na nyuma yake, naye hakujali. Hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yako mpaka ukosee mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalipokuwa yakijaa Nairobi. Magari ya zamani yalikuwa na taa za kioo, na kioo hakichujuki. Haya yalikuja na taa za plastiki ngumu, na plastiki hiyo ikipigwa na jua inageuka manjano, kisha inaingia ukungu. Mwenye gari hudhani balbu imechoka. Ananunua nyingine, na bado barabara haioni. Ndipo anakuja kwetu akilalamika.

Ninyi vijana mna mashine ya kuzungusha sponji. Sisi tulikuwa na vidole. Unaosha taa kwa sabuni, unaizungushia tepu ya karatasi usije ukakwaruza rangi ya gari, kisha unachukua msasa wa maji, ule mweusi unaotumika ukiwa umelowa. Unaanza na mkali, namba mia nne, unasugua upande mmoja tu mpaka ule umanjano ushuke kama uji mwepesi. Unakuja mia nane, ukisugua kwa kukatisha mistari ya kwanza. Halafu elfu moja, elfu moja mia tano, elfu mbili. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyoitangulia. Mwisho ni kampaundi, dawa nzito ya kung'arisha, kwa kitambaa cha pamba, na juu yake klia, rangi isiyoonekana inayoikinga plastiki na jua. Ukiruka namba moja tu, taa itakusema mbele ya mwenyewe.

Mimi sikuruka hata moja, lakini taa zangu zilinisema. Jozi ya kwanza ilitoka na mikwaruzo mirefu iliyopinda, ikionekana vizuri jua likipiga. Nyapara alikuja akasimama nyuma yangu.

"Umeruka namba."

"Sijaruka, Nyapara."

"Mama, mimi nakuona. Una haraka. Hata chai unakunywa ukitembea."

Iliniuma kwa sababu chai kweli nilikuwa nikiinywa nikitembea. Nikarudia taa zile tangu mia nne, polepole, nikijilazimisha kuhesabu kila msuguo wa mkono, na mikwaruzo ikarudi. Jozi ya pili, vilevile. Usiku nilijigeuza kitandani nikijiambia kwamba labda mikono yangu ni ya sabuni tu, si ya ufundi. Niliwaza geti, na ule ukuta tulioegemea tukisubiri kuitwa.

Zikabaki siku mbili za majaribio. Asubuhi hiyo akaingia mwenye ploti, mzee wa Kawangware aliyekuwa na ardhi hiyo tangu kabla ya nyumba za kupangisha. Yadi nzima ilisimama juu ya udongo wake. Alikuwa akimwoza binti yake Jumamosi na alitaka gari lake jeupe lifike kanisani likiwa na macho. Nyapara alimpokea kwa mikono miwili, kisha akaniita kando.

"Hizi taa zikitoka zimechorwa, huyu mzee atatuhamisha sisi wote. Na wewe ndio utatangulia."

"Mbona usifanye mwenyewe?"

"Bega langu limekwisha. Na hawa wengine ni watu wa nyundo. Fanya."

Nikafanya. Mia nne, mia nane, elfu moja. Kila namba nilichovya msasa kwenye karai, kwa kuwa yadi ilikuwa na karai moja na mtungi mmoja wa maji kwa siku. Mfereji ulikuwa umekauka miezi mingi, na maji tuliletewa na wenye mikokoteni. Nilipofika elfu mbili nikaifuta taa na kuinama. Mkwaruzo ulikuwapo, umelala katikati kabisa. Niliogopa, nasema waziwazi. Nikaanza kuizunguka yadi.

"Keti chini, mama!" Nyapara akasema.

"Siwezi kuketi!"

Nikarudi kunawa uso. Nilipotia mkono kwenye karai vidole vikagusa chini, nikahisi mchanga, mchanga laini wa kukwaruza. Nikabaki nimeinama hivyo hivyo. Wale wanaume walikuwa wakifua kinyumenyume!

Mtu wa Kibera anajua kutumia maji yale yale kwa kazi nne. Unaanza na shuka nyeupe, unafuata nguo za rangi, halafu suruali ya kazi, na yaliyobaki unapigia sakafu deki. Hakuna mwanamke mwenye akili zake anayeanza na suruali ya muuza makaa kisha akatia shuka humo humo. Msasa mkali unamwaga chembe zake, chembe zinatua chini ya karai, na ule laini wa elfu mbili ukija kuchovywa unazizoa na kuzipeleka juu ya taa. Haraka yangu haikuwa na hatia yoyote.

Mtungi ulikuwa mtupu. Nikaenda jikoni mwa yadi nikainua sufuria ya maji ya kupikia chai ya saa nne, yakiwa bado baridi, nikaondoka nayo. Mafundi walinitukana kwa lugha tatu. Nikaomba makarai mawili kwa jirani mwenye duka la vyuma. Karai letu lenye maji machafu nikaliwekea misasa mikali, na maji ya chai nikayagawa: la pili la misasa ya katikati, la tatu la ile laini peke yake. Nikamweleza Nyapara: maji ya karai la laini yakichoka yanahamia la katikati, ya katikati yanahamia la mikali, na ya mikali yanamwagwa langoni kutuliza vumbi. Maji hayapotei, na hayarudi juu kamwe. Kisha nikazirudia taa zile tangu mia nne hadi klia.

Mwenye ploti alipokuja aliinama akaiona kofia yake ndani ya taa.

"Ni nani amefanya hii?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, mikono ikichuruzika.

"Ni njia mpya nimewaonyesha," Nyapara akasema. "Tunatumia makarai matatu."

Nikainua karai la mikali nikaenda kulimwaga langoni. Jioni Nyapara aliniambia, "Kesho usije kama mtu wa kujaribu. Kuja kama fundi," nami nilitembea hadi Kibera nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Sijui hata leo ipi ilikuwa kubwa.

Jina likashika: maji ya Nyapara. Baadaye alinipeleka kwenye tawi la yadi yetu lililokuwa Silanga, kule Kibera, kando ya bwawa, akidhani huko maji ni ya kujichotea tu. Maji ya bwawa yalikuwa na tope na majani. Niliyachuja kwa leso mara mbili na bado yaliacha ukungu, tukarudia ya mtungi. Niliwafundisha mafundi wa huko makarai matatu, nao wakaniambia, "Ah, hayo ni maji ya Nyapara, tumesikia." Nikaendelea kuwapangia misasa. Aliponirudisha yadi ya 56 nilikaa chini yake miaka mingi, na kila mteja mpya alipoelezwa njia ile nilitafuta kitu cha kufanya upande wa pili wa yadi.

Jumapili baada ya ibada niliwafanyia majirani mlangoni kwangu. Ukitaka kujaribu nyumbani, dawa ya meno inaweza kushika nafasi ya kampaundi, lakini bila klia juu, umanjano utarudi. Usiguse taa kwa thina, ile ya kuzimulia rangi. Inang'aa dakika chache, kisha plastiki inapasuka nyufa ndogondogo ndani kwa ndani, na hapo hata mimi siwezi kukusaidia.

Viganja vilipoanza kufa ganzi nilistaafu. Watu husema kustaafu ni kupumzika. Mimi nimefagia uwanja huu mpaka ukawa shimo. Nyapara naye alikuwa amekwisha kuacha kazi, na baadaye akafariki. Kwenye mazishi, mchana, wasifu wake ukasomwa: baba mwema, mzee wa kanisa, aliyebuni njia ya makarai matatu. Kisha wakaniita niseme neno kwa niaba ya wafanyakazi.

Nilisema alinipa kazi nikiwa sina pa kusimama, na hilo nitalishukuru daima. Nikasema, "Lakini ile njia ya maji ilikuwa yangu." Watu wakaguna. Nikakaa.

Baadaye mjane wake, Mama Wambui, alinikuta nyuma ya tangi la maji la nyumba yao, nikitembea huku na huku.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Siku ya leo sikupaswa."

"Hapana. Hapa nyumbani tuliyaita maji ya Robai. Hata watoto wanajua."

"Na mbona kule yadi hakusema?"

"Alijua vile uko. Alikuwa anasema, 'Huyo mama akijua ni yeye anabeba hii yadi, hatakaa. Ataenda afungue yake.'"

Nikamwambia ni kweli, ningeenda kesho yake. Kisha nikalia, na waliokuwa wakipita walidhani namlilia marehemu.