Miamba Isiyo na Mtu

Elifuraha alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Sekei tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe. Maharusi na watoto wa kipaimara, wote walipita mbele ya pazia lake la bluu. Kisha milango ya biashara huria ikafunguliwa, ikaja mjini mashine ya kusafisha picha za rangi kwa saa moja, na pazia likaliwa na panya. Ndiyo maana Derick, afisa wa kampuni ya utalii, alipomtaka akapige picha za miamba ya mchanga kwenye nyika kavu nyuma ya Mlima Meru, alikubali kabla hajauliza za nini.

"Nataka rangi tu, mzee," Derick alimwambia. "Nyekundu, njano, zambarau. Mtu asionekane. Hata mbuzi."

Chini ya mwamba mwekundu walimkuta mama wa makamo, Naipanoi, akichimba udongo huku mbuzi wake wakizagaa.

"Habari, yeyo," Elifuraha alimsalimu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Njema. Si wewe uliyempiga picha mwanangu Lerionka siku ya kipaimara?"

"Ndiye mimi. Hebu kaa nyuma ya jabali lile kidogo, na mbuzi."

Alitii. Mpiga picha akisema kaa, unakaa.

Picha thelathini na sita zilipokwisha, Derick akarudi garini kula. Naipanoi akajitokeza, akijipangusa vumbi.

"Haya, na yangu?"

"Hizi hazina watu, yeyo. Kesho asubuhi zinakwenda ofisi ya ardhi pamoja na maombi ya kampuni ya kupewa eneo hili."

"Kuonyesha nini?"

Swali hilo Elifuraha hakuwa amejiuliza.

"Kwamba hapa hapakai mtu."

Naipanoi akaangua kicheko. "Kumbe mimi ni mzimu! Na hawa ni mizimu ya mbuzi!" Kisha kicheko kikakatika. "Na wewe ndiye shahidi wao?"

Huo ndio uwekezaji walioimbiwa redioni: ardhi ya watu wanaopumua inaandikwa tupu, na ushahidi umo kwenye kamera ya mtu wa Sekei mwenye njaa.

Elifuraha alitazama gari. Akairudisha filamu nyuma polepole, akiisikiliza kwa sikio, ncha yake isije ikamezwa ndani ya kikopo chake. Ndivyo alivyowapigia watu picha za mapacha studio, mtu mmoja akitokea mara mbili kwenye picha moja. Akaipachika upya.

"Simama hapo, yeyo. Waite mbuzi. Inua kidevu."

Akapiga juu ya picha zile zile, ili Naipanoi na mbuzi watokee mle mle kwenye miamba. Kumi. Ishirini. Honi ikalia, kidole kikateleza. Thelathini. Derick akashuka garini. Thelathini na sita.

"Vipi, bado tu? Na huyu mama anafanya nini hapo?"

"Ananiaga," Elifuraha alisema, akimalizia kuirudisha filamu nyuma na kumkabidhi.

"Hamna mtu humu?"

"Zisafishe kwanza."

Njia nzima Derick alipiga mluzi. Elifuraha alihesabu kilomita zilizobaki kufika kwenye mashine ile ya saa moja.