Nusu ya Jirani

Nilimwapia daktari pale Gitega kwamba mama yangu hajakosa kidonge hata siku moja, na mama mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Lakini karatasi ya vipimo ilisema vingine. Kiwango cha ile jeni mbaya kilikuwa kimepanda tena.

Habari zake nilizisikia mwaka uliotangulia: saratani ya damu. Ndani ya chembe za damu ya mama, kromozomu mbili zilikatika zikabadilishana vipande, na jeni mbili zisizohusiana zikaungana kuwa moja, inayoamuru chembe nyeupe zizaliane bila kukoma. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Musinzira, hapohapo Gitega, nikaelewa kifundi: mkono wa shati umeshonwa kwenye suruali. Daktari alisema mama hakuzaliwa nayo, wala mimi sitairithi. Ameze kidonge kimoja kila siku, maisha yake yote. Bandama iliyomjaza tumbo upande wa kushoto ikanywea, akarudi kulima kwake Butihinda, mkoani Muyinga, nami nikatamba mtaani kwamba mama amepona.

Sasa daktari akauliza taratibu, "Maman, hii dawa unameza namna gani?"

"Nusu kila asubuhi," mama akajibu. "Nusu nyingine ya jirani."

Nilidhani sijasikia vizuri. Jirani huyo na mama walikaa pamoja kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania wakigawana kila kitu, hata kipande cha sabuni walikikata kwa uzi. Tumbo lake nalo lilikuwa limevimba upande uleule wa kushoto. Basi mama akachukua wembe. Miezi mitano!

Nilifoka mbele ya daktari bila aibu. "Mama, unataka kufa?"

"Na yeye je, anataka?"

Daktari alisema tumbo la jirani huenda ni malaria tu, na dawa ile bila kipimo inaweza kumdhuru. Mama akakaza uso: hamezi kidonge kizima mpaka jirani apimwe. Namjua mama yangu, akishasema amesema.

Kesho yake nikaenda Butihinda kumchukua huyo jirani, maneno makali ya kumwambia nimeshayapanga yote. Mama alikuwa amempigia simu. Nilimkuta mlangoni amevaa kitenge cha kanisani, tumbo limemtangulia. Akanishika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Mama yako aliniambia ni wewe unayenitumia zile dawa."