Baiskeli Mbili Hadi Siongiroi

Nilikuwa na miaka arobaini na sita nilipojiandikisha kwenda Siongiroi kwa baiskeli, na mara ya mwisho kuendesha baiskeli nilikuwa msichana wa darasa la saba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Litein. Nina shamba dogo la chai, ng'ombe wawili, na magoti yanayolia nikichuchumaa.

Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili moja. Zahanati yetu ilitaka kujenga chumba cha akina mama waja wazito, wale wanaotoka mbali, ili waje siku chache kabla ya kujifungua na kusubiri karibu na muuguzi. Ili kuuchangia ujenzi huo, watu wangeendesha baiskeli kutoka Litein, wapitie Sotik hadi Siongiroi, walale huko, warudi kesho yake. Kila mwendeshaji angetafuta wafadhili wake. Vijana wa boda boda waliinua mikono wakicheka. Nami nikainua wangu. Mume wangu alinigeukia akidhani ninafukuza nzi.

Mwanamke mwingine aliyeinua mkono alikuwa muuguzi wa zahanati. Alikuwa amehamia kwetu kutoka upande wa Kisii, na sote tulimwita Sista. Mimi na yeye tulikuwa watu wa kusalimiana tu. Baada ya ibada alinijia.

"Mwalimu, unajua kuendesha?"

"Nilijua."

"Mimi najua, lakini naogopa mteremko. Nikianza kushuka, nafunga macho."

"Basi tutakufa pamoja," nikamwambia, na tukacheka mpaka mchungaji akatuangalia.

Tulikuwa na miezi mitatu. Fundi wa baiskeli pale sokoni alitufundisha kuziba pancha na kuunga cheni, kisha akatupandishia viti. "Mguu unyooke karibu wote, madam," aliniambia. "Mkikaa chini hivyo, goti litaisha kabla ya Sotik." Tukapanga kuendesha Jumanne na Alhamisi asubuhi kabla ya kazi, na Jumamosi tuende mbali zaidi.

Wiki ya kwanza nilishuka kwenye kila mlima nikasukuma. Wanawake wenye vikapu vya majani ya chai mgongoni walinipita. Mmoja aliuliza, "Mwalimu, hiyo baiskeli inakubeba ama wewe ndiyo unaibeba?" Jumamosi moja nilibeba mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, kwenye chupa ya plastiki. Barabara ya murram, isiyo na lami, iliitikisa mpaka kifuniko kikaruka, na nikafika nyumbani nikinuka kama boma la ng'ombe. Tangu siku hiyo tulibeba maji, ndizi na viazi vitamu vya kuchemsha, tukawa tunakula kidogo kidogo kabla njaa haijauma.

Mwezi wa pili wa mazoezi mvua ilikuja. Niliteleza kwenye kona yenye matope, nikachubuka viganja vyote viwili. Vidonda vilipona kwa wiki moja, lakini mimi sikurudi barabarani. Nilimwandikia Sista ujumbe kwamba nasahihisha mitihani. Halafu nikamwandikia kwamba ng'ombe ni mgonjwa. Baiskeli ilikaa ghalani, nami nilikuwa napita mlangoni bila kuitazama.

Alhamisi ya wiki ya tatu tangu nianguke, alfajiri, Sista alifika jikoni kwangu, koti la mvua likitiririka maji.

"Ng'ombe amepona?"

Nilimmiminia chai. "Ng'ombe hakuwa mgonjwa."

Alikunywa, nami nikaanza kuongea. Nilimweleza jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa miaka mingi. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana. Uchungu ulinianza mchana, kwenye mvua kama ile, na gari pekee lililopatikana lilikuwa lori la majani chai. Lilikwama kwenye matope. Alizaliwa humo ndani ya lori, na hatukufika hospitali kwa wakati.

"Niliinua mkono kwa sababu yake," nikasema. "Na sasa nasingizia ng'ombe."

Sista aliweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Pole, Mwalimu. Pole sana." "Mimi sijakuja kukuambia ujikaze. Nimekuja kwa sababu nimepanda hiyo mlima peke yangu wiki mbili, na nimechoka kuongea na baiskeli. Leo twende tu mpaka kituo cha majani, turudi."

Kituo cha kupimia majani hakiko mbali, mtu anaweza kukiona kutoka langoni kwangu. Tulikwenda. Tulipofika, miguu ilikuwa imepata joto, tukaendelea. Ikawa ndiyo desturi yetu: siku mbaya tunaahidiana kufika kituoni tu. Mara chache tuligeuza hapo kweli, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Siku ya safari tulikuwa watu ishirini hivi. Kwenye mteremko wa kwanza mrefu nilitangulia, nikawa nampigia Sista kelele: "Kona ya kushoto! Breki ya nyuma! Pole pole!" Nilipotazama nyuma alikuwa anakuja, meno nje, macho yamemtoka. Baada ya Sotik mashamba ya chai yalipungua, tukaingia kwenye mahindi na malisho, jua likawa kali. Wanawake wa kanisa la Siongiroi walitupokea kwa nyimbo na maji ya moto ya kuosha miguu. Nililala kama gunia.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Tulipokuwa tunapanda kutoka Sotik cheni yangu ilikatika, na vijana walikuwa wameshatangulia. Niliiunga mwenyewe, mikono myeusi kwa grisi, Sista akinishikia gurudumu. Lakini kwenye mlima wa mwisho miguu ilikataa kabisa. Nilishuka, machozi yakanitoka kwa hasira.

Sista naye akashuka.

"Wewe endelea," nikamwambia. "Bado una nguvu."

"Nguvu gani? Nilikuwa naona haya kushuka kwanza."

Tulisukuma mpaka juu, tukapanda tena, tukaingia Litein wa mwisho. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya barabara na thamosi ya chai, anapiga makofi peke yake.

Mchango haukumaliza ujenzi, lakini ulianzisha msingi, na kanisa likaona aibu kuuacha hapo. Mwaka uliofuata chumba kilifunguliwa kikiwa na vitanda vinne. Mama wa kwanza kulala humo alitoka ng'ambo ya mto, akaja na redio yake ndogo na malalamiko kuhusu uji. Siku ya tano Sista alinipigia simu nikiwa darasani.

"Msichana," alisema. "Mzima. Mama pia mzima."

Niliwaambia wanafunzi wafungue kitabu cha kusoma, nikatoka nje, nikaegemea ukuta mpaka nikaweza kurudi.

Sasa wale wanawake wa Siongiroi wanataka kuja kwetu kwa baiskeli, kuchangia zahanati yao. Wametuomba tukutane nao Sotik, tuwafundishe kuziba pancha. Tunaenda Jumamosi.